Chini ya Sakafu ya Rimut

Umeomba maji, nimekupa. Basi kaa hapo kivulini uyanywe taratibu, maana nina jambo limenikaa kooni na wewe ni mpita njia. Kesho utakuwa Shekemu na kondoo wako, huna ndugu yangu wa kumpelekea umbea. Watu wangu mwenyewe sijawaambia, na nisingependa waambiwe. Ni habari za baba yangu, Rimut, na za mtu mwingine ambaye utamjua mbele.

Baba alikuwa mchimba mifereji, na hapa Koza, kama unavyoona, hakuna mfereji. Alizaliwa Kutha, nchi tambarare ambako mtu akitaka maji anayachimbia njia, nayo yanamfuata mpaka shambani. Waashuru walipotung'oa kule na kutuleta huku Samaria, akakuta maji yanatoka mbinguni yakijisikia, na jembe ukilipiga chini linalia, ni mwamba. Mwaka wa kwanza aliionea huruma mizeituni iliyoachwa na wenyewe. Akaizungushia vijito, akaimwagilia maji ya kisima miezi miwili mfululizo. Ikageuka njano, ikapukutisha majani. Watu wakasema Rimut ameinywesha pombe, imelewa. Baba akacheka pamoja nao. Alikuwa mpole hivyo, hagombani na mtu, na watu wakimsema anainama tu anaendelea na kazi. Wengi walimsifu kwa hilo. Mimi simsifu, na nitakwambia kwa nini.

Jina langu Bazitu, ambalo kwetu ni nyani. Baba ndiye aliyenipa, kwa sababu utotoni nilimng'ang'ania mgongoni sishuki. Sasa ni bikizee wa meno matatu na bado naitwa Nyani.

Lazima kwanza ujue sisi tunavyoishi na wafu wetu. Nyinyi watu wa hapa mnawapeleka mapangoni huko nje, mnaviringisha jiwe, mnarudi zenu nyumbani. Sisi tunalala nao. Mzee akifa tunamfukia chini ya sakafu ya nyumba yake, tunaacha bomba la udongo limechomoza, na kila mwezi unapofichika ukoo unakusanyika kabla jua halijatua. Mkubwa wa nyumba anamega mkate, anamimina maji bombani, anawaita kwa majina, mmoja mmoja. Jina ndilo jambo lenyewe. Maji bila jina ni kumwaga tu, mfu hayaoni hata yakimpita puani. Na mfu asiyeitwa koo linamkauka, anatoka, anazurura, analeta balaa. Usinikunjie uso. Hivyo ndivyo nilivyolelewa.

Siku ya kuhamishwa, askari walitangaza: kila mtu mzigo mmoja. Wenye heshima zao wakafukua sakafu wakatoa mifupa ya wazazi wao. Baba alikuwa mwana wa kiume pekee, kwa hiyo kazi ilikuwa yake. Dada yake mkubwa, Shangazi Kulla, alimsimamia na mikono kiunoni akimhesabia. Hata vidole, Rimut. Na hilo jino la mama, usiliache. Babu na bibi wakaingia kwenye gunia moja la manyoya ya mbuzi, baba akalibeba begani kama mtu aliyebeba mayai. Mama yangu alibeba unga. Mimi nilikuwa na miaka sita, nikatembea.

Shangazi na mumewe Ubaru walipangwa kundi la mbele, wakatutangulia siku mbili nzima. Nyuma yetu alikuwa Damka. Huyu ndiye mtu niliyekuambia utamjua.

Damka alikuwa mjane, mpika pombe, mnene, mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto. Hakubeba mfupa hata mmoja. Alibeba chungu chake cha pombe na kichungio, na kila aliyemuuliza alimjibu bila kuficha: "Mume wangu alinichosha miaka kumi na minne akiwa na miguu yake. Leo nimbebe?" Watu walicheka huku wameziba midomo. Kwetu hilo si jambo la kusema hata kwa utani. Lakini Damka hakuwa na kabati la kuficha maneno, lililo moyoni lilikuwa mdomoni.

Mama alishikwa na homa tukiwa hatujafika mto Habori, akafa, akazikwa kando ya njia haraka haraka kwa sababu askari hawakusubiri. Kesho yake mwiba ukanichoma unyayo. Siku tatu baadaye mguu ulikuwa umevimba mpaka gotini. Na sheria ya njia ilikuwa moja: anayebaki nyuma, anabaki.

Baba alijaribu kutubeba sote. Gunia begani, mimi mgongoni, unga wa mama kifuani. Alikwenda hivyo nusu siku, akaanguka, akainuka, akaanguka tena karibu na matete ya mto. Kundi likaanza kutupita. Alikaa chini akaliangalia gunia, akaniangalia mimi, akaliangalia gunia. Nilikuwa mtoto lakini nilielewa anachopima, na niliogopa kwamba nitashindwa.

Damka akatua chungu chake. "Baba Bazitu," akasema, "walio hai kwanza."

Baba akalia kwa sauti, mwanamume mzima. Kisha akalifungua gunia akawamwaga wazazi wake kwenye matete. Damka ndiye aliyeshika mdomo wa gunia ukae wazi, na mimi nikaingizwa miguu kwanza, kichwa kikabaki nje. Humo ndani mlikuwa na vumbi, likanishika nywele. Ng'ambo ya mto tuliona vibanda vya watu waliohamishwa kutoka nchi hii hii yenu, wanachimba mfereji vibaya, mteremko umegeuzwa, na baba kwa machozi yake bado alitikisa kichwa kwa kazi mbovu namna ile. Damka akatubebea unga. Alipoinuka alisema, "Mimi sikuona kitu," na hakulitaja tena kwa miaka yote iliyofuata.

Basi mifupa ya babu na bibi iko Habori, kwa hao ndugu zenu. Haijamiminiwa tone la maji tangu siku ile.

Mguu ulipona. Lakini kadiri tulivyokaribia huku ndivyo baba alivyokosa usingizi, maana Shangazi alikuwa anatusubiri Koza. Siku moja kabla ya kufika, tukakuta mzoga wa punda kando ya njia, umekauka, umesafishwa na ndege. Baba akaiponda mifupa mikubwa kwa jiwe mpaka ikawa kiasi cha mtu. Taya akalivunja vipande vitatu. Akajaza gunia, akalifunga kwa fundo lile lile la mwanzo, akanigeukia. "Bazitu, hili ni letu sisi wawili." Nikakubali kwa kichwa. Ndiyo siri ya kwanza niliyopewa maishani, na nilijiona mkubwa.

Nyumba tulizopewa zilikuwa za watu wenu waliohamishwa. Yetu tuliikuta na kinu chake, na nyuma ya mlango kiatu kimoja cha mtoto. Baba alichimba sakafu siku mbili, mwamba ukamruhusu kina cha mkono tu. Shangazi akaja na ukoo mzima, akapiga magoti penye bomba, akapokea jagi kwa baba, akamimina. "Baba, tumefika salama. Mama, kunywa." Alilia mpaka kilemba kikamdondoka. Mimi nilimtazama baba, na baba aliutazama ukuta.

Kila mwezi hivyo hivyo, miaka minne na zaidi. Watu wazima na adabu zao wanavua viatu, wanainama, wanamwamkia punda shikamoo. Mwanzoni nilibana kicheko. Baadaye kicheko kikaisha, ikabaki aibu, nikawa siku hizo najifanya naumwa tumbo.

Kisha wakaja simba.

Nchi ilikuwa imekaa tupu, vichaka vimeingia mpaka ukutani, na simba walikuwa wamezoea kuwa wenyeji. Wa kwanza kuchukuliwa alikuwa mchungaji mmoja wa wale walioletwa kutoka Ava. Wa pili alikuwa Ubaru, mume wa Shangazi, asubuhi kweupe, pale kisimani. Sasa sikia. Mungu wetu wa Kutha ni Nergali, naye ndiye mfalme wa wafu, na simba ni mnyama wake. Kwa mtu wa Kutha hapakuwa na cha kufikiri. Simba wametumwa, na wametumwa kwa sababu kuna nyumba hapa kijijini ambayo wafu wake wana kiu.

Shangazi ndiye aliyesema hivyo, akiwa na majivu kichwani. Akamwendea Zeru, aliyewekwa na Waashuru kuwa mkubwa wa kijiji, akamwambia mume wangu ameliwa kwa dhambi ya mtu mwingine, nataka nimjue. Zeru akaamuru kila mwenye nyumba asimame ndani kwake, mguu wake kando ya bomba, aape kwa Nergali kwamba wafu wake wapo na wanakunywa.

Wakapita nyumba kwa nyumba. Yetu ilikuwa ya sita. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nimeshika nguo ya baba kwa nyuma. Nikasema moyoni, sasa atasema. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, na hata hakumtilia shaka. Alimtazama kwa huruma, kama kumwambia maliza tu mdogo wangu, sote tunajua wazee wako hapa. Baba akanyoosha mkono akaapa. Sauti haikukatika hata kidogo. Nami nilikuwepo, najua kusema, nina ulimi, nikanyamaza.

Nyumba ya nane ilikuwa ya Damka. Haina bomba, na kila mtu alijua haina. Siku ya ucheshi wake walicheka, siku ile hakuna aliyecheka. Zeru akamuuliza wafu wake wako wapi. Akasema wako Kutha, walikozikwa, na kama mume wake anataka kumfuata miguu anayo. Shangazi akampiga kofi. Zeru akatoa hukumu papo hapo: atoke nje ya ukuta, akae kwenye kibanda cha mlinzi kule chini kwenye mizabibu, mpaka simba watulie. Asipewe moto wala mkate.

Damka aliingia ndani akatoka na chungu na kichungio. Watu walijipanga njia nzima, nasi tulikuwa mbele. Alipofika penye baba alisimama. Nilijua anachokijua, baba alijua, na neno moja tu lilitosha. Damka akanitazama mimi, tangu nywele hadi miguu.

"Mtoto amekua, Baba Bazitu," akasema. "Sasa hungeweza kumbeba."

Baba akajibu, "Kweli."

Ni hilo tu. Kweli. Damka akasubiri kidogo, kama anayempisha mtu mlangoni. Baba hakupita. Basi akajitwika chungu chake akateremka.

Ungeniuliza tuliogopa nini, ningekwambia. Baba angefukuzwa yeye, na mimi pamoja naye, na Shangazi angejua kwamba wazazi wake wametupwa matopeni na kwamba miaka minne amekuwa akimlilia punda. Si jambo dogo. Lakini walisema wahenga mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na sisi tulimwachia Damka mzigo wetu tukaona mwepesi.

Siku ya tatu baba alichukua mkate akasema anampelekea kwa siri. Aliporudi aliniambia amempa, ameshukuru, yu mzima. Ndevuni mwake mlikuwa na chembe za mkate. Bila shaka alifika mpaka ukutani, akashindwa kumtazama, akakaa nyuma ya jiwe akaula mwenyewe. Sikumwambia nimeziona. Nami sina cha kumsuta, kwa sababu siku ya tano nilikuwa mteremkoni nachuma mboga, nikamwona Damka nje ya kibanda anakikung'uta kichungio chake kana kwamba ana pombe ya kuchuja. Akanipungia mkono. Nikainama nikajifanya naangalia mboga, na nilibaki nimeinama mpaka shingo ikauma.

Siku ya tisa simba akamchukua.

Wanaume waliteremka, wakaona, wakarudi haraka wakisema haki imepita. Baba akabaki nyuma. Ilikuwa wakati wa mavuno ya shayiri, kijiji kizima kilikuwa shambani, nami nilikuwa nyumbani nasaga. Akaingia mchana ule jua la utosi, amebeba lile gunia la manyoya ya mbuzi. Akang'oa bomba, akafukua sakafu, akatoa mifupa ya punda kipande kipande akaitia kwenye kikapu. Alichokuwa nacho kwenye gunia akakiweka mahali pake, akafukia, akasawazisha udongo kwa kiganja. Kikapu akaenda kukimwaga korongoni. Aliporudi alikaa chini na mikono yake michafu.

"Sasa kuna mtu," akasema.

Mwezi ulipofichika, Shangazi akaja na mkate wake. Akapiga magoti akamimina. "Mama, kunywa." Baba akatoka nje, nikamsikia anatapika nyuma ya ukuta.

Unaelewa sasa? Damka yupo chini yetu, maji yanamiminwa juu ya kifua chake kila mwezi, na si yake. Anaitwa bibi, anaitwa babu, yeye haitwi. Ni kama mtu aliyeketishwa karamuni, sahani zinampita.

Na simba hawakuacha. Baada ya siku nne walichukua mtu mwingine, upande wa pili wa kilima. Watu wakaanza kutazamana tena, na Zeru akasema itabidi tuape upya. Lakini Waashuru walikuwa wamepata habari, wakamrudisha kuhani mmoja wa watu wenu waliowahamisha, akae Betheli awafundishe wageni desturi ya hapa. Alifika Koza juu ya nyumbu, mzee mkavu, macho mekundu kwa safari. Tulimkaribisha ndani akakataa. Alisikia wafu wamo sakafuni, akarudi hatua tatu, akakaa nje juu ya jiwe na hakuingia nyumba yoyote.

Shangazi akamuuliza mbele ya wote. Ni nani ambaye wafu wake wamewaita simba?

Kuhani hakumwelewa mpaka alipoulizwa mara ya pili. Kisha akasema, si kwa ukali, "Mama, wafu wenu hawamo katika hili. Mmeingia nchi yenye Mungu wake, hamjui kawaida yake wala hamkuuliza. Nyote, si nyumba moja. Ndilo kosa."

Mtu mmoja, sijui ni nani, akasema kwa sauti ya chini, "Na Damka?"

"Damka ni nani?" kuhani akauliza.

Kijiji kizima kiliangalia chini. Nakuapia, watu mia moja na ushei, hakuna jicho lililoinuka. Shangazi alikuwa anakwangua kucha yake. Baba alikuwa karibu kabisa na kuhani, na kuhani, kwa sababu hiyo, akamtazama yeye akingojea jibu.

"Hakuna mtu," baba akasema.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Alimkana akiwa hai kwa neno moja, na sasa amemkana akiwa mfu kwa mawili. Na mara hii hapakuwa na la kuogopa tena, wala simba, wala Nergali. Yalikuwa ni mazoea tu. Mtu akishanyamaza mara moja, ya pili haimgharimu.

Kuhani alitufundisha mambo mengi, na mengi tunayashika. Tunamcha Mungu wa nchi hii, na maji tunamimina vilevile. Watu wenu wanatucheka kwa hilo. Wacheke. Simba walipungua, vichaka navyo vilikatwa, kila mtu alijichagulia sababu yake.

Baba aliishi miaka ishirini mingine. Aliijua mizeituni mpaka watu wa vijiji vya mbali wakawa wanamwita kuja kupogoa. Hakuonja pombe tena. Watu walimwita Rimut mtulivu, wakiwapa watoto wao mfano, na kila nikisikia nilikuwa nasogea mbali. Nilimpenda. Hilo ndilo linalonitesa zaidi, kwamba kosa lake lote mwanzo wake ni mimi, alinibeba mimi, na mpaka leo kisigino kikigusa kitu kigumu nakumbuka kuna mtu alilipia mguu huu.

Alipokuwa anakata roho alinivuta sikio karibu. Aliomba mambo mawili. La kwanza, nisimzike karibu na Damka. "Kona ya mbali," akasema, "sistahili." La pili, siku nitakaporithi kumimina maji, nimtaje. "Umwite jina lake, Bazitu. Mara moja tu kila mwezi. Anasikia kila kitu pale chini, ila jina lake."

Nikaahidi. Nimekuwa mmiminaji wa nyumba hii miaka thelathini, kwa kuwa upande wa baba hakuna mwanamume aliyebaki wa kushika kazi hiyo. Miaka kumi na saba ya mwanzo Shangazi alikuwa hai, anaketi pale pale penye bomba, mzee, kipofu, anatikisa kichwa kila jina likitajwa. Nikasema siwezi kumuua bibi kizee kwa jina. Sawa. Akafa. Nikapata sababu nyingine, na nyingine. Kila mwezi nilikuwa nafika mwisho wa majina, nafungua kinywa, nafunga. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, wanasema, na mwosha huyu alikuwa mwoga kuliko baba yake.

Mwezi uliopita nilikuwa nimeumwa, nikadhani nakufa. Nikasema, Nyani wewe, ukienda chini utamtazamaje? Basi jioni ile, nyumba imejaa vitukuu wa Shangazi na watoto wao, nikawaita babu na bibi, nikamwita mama yangu aliyebaki njiani, nikamwita baba yangu Rimut. Kisha nikapiga moyo konde nikasema, "Damka, kunywa." Nikamimina. Maji yakashuka bombani vizuri, na nilisikia mwili wangu wote umelegea.

Kuna msichana anaitwa Nubta, wa miaka saba, mdomo hauna kifuniko. Akauliza, "Bibi, Damka ni nani?"

Wote wakanigeukia, wala si kwa ubaya. Walitaka kujua tu. Shangazi hayupo, Zeru hayupo, hakuna hata mmoja mle ndani aliyekuwa amezaliwa siku zile. Nilikuwa na jagi mkononi na ukweli mdomoni, na hakuna aliyenitisha.

"Ni jina la utani," nikasema. "La mama yake baba yangu. Ndivyo walivyomwita nyumbani."

Wakafurahi. Nubta alilipenda jina lile. Jana mwezi ulifichika tena, na kabla sijafika mwisho watoto wote wakapaza sauti pamoja, Bibi Damka, kunywa, Bibi Damka, kunywa, wakidhani wanamwita mama yake baba yangu. Nilimimina nikiangalia miguu yangu.